Mota Imeungua Mara Mbili: Tupime Kwanza, Tulaumu Baadaye

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamebandikwa hapa ukutani ili asiyekuwepo ayasome, na anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Tumeombwa kusema machache juu ya mashine yetu ya kukoboa mpunga. Jambo lenyewe mnalijua. Mota ya mashine iliungua mwaka jana, ikapelekwa Ifakara kusukwa upya, ikarudi, ikafanya kazi. Msimu huu, magunia yakiwa yamejaa ghalani, ikaungua tena. Wengine wakaona shida za nyumbani hazingoji, wakauza mpunga bila kukoboa, kwa bei aliyotaka mnunuzi. Wengine wakakodi pikipiki kupeleka gunia moja moja kukoboa mbali. Hasara hiyo imeingia katika kila nyumba iliyoko hapa.

Sasa pamezuka maneno. Wapo wanaosema kijana wetu anayeendesha mashine ni mzembe, anaishindilia mpunga kupita kiasi. Wapo wanaosema anahujumu. Wapo hata waliosema eti mashine ina mkono wa mtu. Na mezani kwa Mwenyekiti lipo pendekezo kwamba kijana aondolewe kazini, na gharama ya kusuka mota ikatwe kwenye posho yake mpaka iishe.

Ndugu wanachama, tunaomba pendekezo hilo lisubiri mpaka tumalize kusema. Mota imepimwa, na vipimo vimeandikwa kwenye daftari. Sisi hatukusomea umeme. Kusoma, kuandika na kuhesabu tulijifunza ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, kama wengi wenu mlioko hapa. Lakini hesabu ya jambo hili haizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kila aliyemaliza kisomo anaweza kuifanya mwenyewe, na ndiyo maana tunaileta mbele yenu mwione.

UMEME WA NJIA TATU

Bonde letu la Kilombero si geni kwa umeme. Kule Kidatu maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo ya megawati 204, ambayo ilianza kazi mwaka 1975. Huku kwetu, mto Kihansi unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa unazungusha mitambo ya megawati 180, iliyokamilika mwaka 2000. Mitambo yote hiyo inatoa umeme wa njia tatu. Unasafiri hivyo hivyo kwenye nguzo kubwa, unapunguzwa nguvu njiani, na transfoma ya mwisho ndiyo inayotugawia volti za kutumia.

Nyumbani wengi wetu tunatumia njia moja tu. Waya mmoja una moto, mwingine ni wa kurudishia, mafundi wanauita nyutro. Kati ya hizo mbili kuna volti 230. Lakini banda la mashine lina waya tatu za moto na nyutro moja. Ukipima kati ya waya wa moto na nyutro unapata volti 230. Ukipima kati ya waya mmoja wa moto na mwingine wa moto unapata volti 400. Mota kubwa kama yetu, ya kilowati 15, yaani nguvu za farasi 20, haihitaji nyutro. Inatumia zile waya tatu za moto.

Kwa nini tatu? Hebu fikirini kina mama watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja anashusha mchi, wa pili anafuata, wa tatu anamalizia, kisha wa kwanza anarudia. Kinu hakipumziki na hakuna anayechoka upesi, kwa sababu kila mmoja ana zamu yake na nguvu zao zinalingana. Waya tatu za moto zinafanya kazi ya namna hiyo ndani ya mota. Zinapeana zamu mara 50 kwa kila sekunde, na mota inazunguka bila kushtuka.

Sasa mmoja wa wale kina mama akilegea, wenzake wawili wanabeba kazi yake. Tena mchi wake uliolegea unaanza kugongana na ya wenzake. Ndivyo inavyokuwa umeme wa njia tatu usipolingana. Mwaka 1918 mhandisi mmoja wa Marekani, Charles Fortescue, alionyesha kwa hesabu kwamba umeme usiolingana unapoingia kwenye mota ni kama umeme wa aina mbili uliochanganyika. Mwingi unazungusha mota mbele, na kidogo unaivuta irudi nyuma. Kile kidogo kinachovuta nyuma hakikoboi hata punje moja. Kazi yake ni kutia joto.

JINSI YA KUPIGA HESABU

Fundi aliyekuja alikuwa na leseni ya EWURA, na tuliiomba tukaiona kabla hajagusa kitu. Alibandika namba kwenye zile waya tatu: 1, 2 na 3. Kisha akapima kati ya 1 na 2, kati ya 2 na 3, na kati ya 3 na 1, mashine ikiwa inakoboa. Kwenye mlango wa mota alipata hivi:

1 na 2: volti 400
2 na 3: volti 381
3 na 1: volti 383

Mtu akitazama haraka atasema, "Tofauti ya volti 19 katika 400, ni kitu gani hicho?" Twende taratibu kama darasani.

Kwanza, jumlisha zote tatu: 400 na 381 na 383 ni 1164.
Pili, gawanya kwa 3 upate wastani: 388.
Tatu, tafuta ile iliyo mbali zaidi na wastani. Ni 400, ambayo imezidi kwa 12.
Nne, 12 gawanya kwa 388, kisha zidisha kwa 100. Unapata 3 na kidogo. Basi kutolingana ni asilimia 3.

Wataalamu wa mota wanashauri kutolingana kusizidi asilimia 1 mota ikiwa inabeba mzigo wake wote. Ikifika asilimia 3, mota ipunguziwe kazi mpaka karibu sehemu tisa kwa kumi ya nguvu zake. Ikipita asilimia 5, isiendeshwe kabisa. Sisi tulikuwa kwenye 3, na mashine ilikuwa inabeba mzigo kamili, kwa sababu ni msimu.

Jambo la kushangaza ni hili. Volti zikitofautiana kidogo, mkondo wa umeme ndani ya waya unatofautiana sana, mara 6 hadi mara 10. Mkondo unapimwa kwa ampea, na fundi ana mita inayobana waya kama koleo bila kuukata. Bati lililogongwa ubavuni mwa mota linasema mota hii isipite ampea 29. Vipimo vilikuwa:

Waya 1: ampea 33
Waya 2: ampea 30
Waya 3: ampea 21

Wastani ni 28. Waya wa 3 umepungukiwa kwa 7, na hiyo ni asilimia 25. Mnaona? Asilimia 3 ya volti imezaa asilimia 25 ya ampea. Waya wa 3 ndiye yule mama aliyelegea. Waya wa 1 ndiye aliyebeba mzigo wa mwenzake, akapita kipimo cha bati kwa ampea 4.

Ampea 4 juu ya 29 ni ziada ya asilimia 14. Lakini joto halifuati ampea sawasawa. Linafuata ampea iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo ziada ya asilimia 14 ya mkondo inaleta ziada ya karibu asilimia 30 ya joto katika nyuzi zile za shaba. Na nyuzi zimepakwa rangi maalumu ya kuzitenganisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka juu ya kiwango chake, umri wa rangi hiyo unakatwa nusu. Ongezeni joto la bonde letu na vumbi la pumba linaloziba feni ya mota. Rangi inakauka, inapasuka, nyuzi mbili zinagusana, moshi unatoka. Mota haikuungua siku ile mlipoona moshi. Ilikuwa inaungua kidogo kidogo miezi yote.

Wengine watauliza, kile kifaa cha kulinda mota, rilei, kwa nini hakikukata? Rilei za namna ile zimeundwa zikate kwa uhakika mzigo ukifika ziada ya asilimia 20, tena baada ya muda. Kwa ziada ya 14 inavumilia. Fundi aliikagua, akakuta imewekwa kwenye ampea 29, kama bati linavyosema. Hakuna aliyeichezea. Hilo tunaomba mlikumbuke tutakaporudi kwa kijana wetu.

KUTAFUTA UGONJWA ULIKO

Kujua mgonjwa ana homa hakutoshi, lazima ujue homa imetoka wapi. Umeme unaweza kupotoka sehemu tatu: kabla haujaingia bandani, ndani ya banda, au ndani ya mota yenyewe. Fundi alifuata njia moja, na tunaieleza ili siku nyingine tusikisie.

Kwanza, alizima vitu vyote bandani akapima pale umeme unapoingia, kwenye swichi kuu. Alipata 405, 402 na 403. Wastani ni 403 na ushei, tofauti haifiki hata nusu ya asilimia 1. Maana yake umeme unaotufikia ulikuwa mzuri. Kama vipimo vingekuwa vibaya hali vitu vyetu vyote vimezimwa, basi tatizo lingekuwa huko nje, kwenye laini au transfoma. Hapo kazi yetu ingekuwa kupeleka taarifa TANESCO, na siyo taarifa ya maneno matupu "umeme mbaya", ila ya namba, tarehe na saa. Nguzo na transfoma haziguswi na mtu mwingine yeyote, hata awe fundi hodari namna gani.

Pili, aliwasha kila kitu akapima hapo hapo kwenye swichi kuu. Alipata 402, 391 na 389. Kutolingana kumepanda mpaka asilimia 2. Angalieni vizuri: kipimo cha 1 na 2 hakikushuka sana, ila vipimo viwili vinavyogusa waya wa 3 vimeshuka vyote. Basi kuna kinachouvuta waya wa 3. Tukafuata waya mmoja mmoja. Friza la vinywaji liko waya wa 3. Saluni iliyopangishwa upande wa nyuma, waya wa 3. Meza ya kuchajia simu, taa zote, na mashine ya kuchomea vyuma, zote waya wa 3. Vitu hivyo viliongezwa kimoja kimoja kwa miaka kadhaa, kila kimoja kikafungwa palipokuwa karibu. Kimoja peke yake hakina ubaya. Vyote pamoja vinauchosha waya mmoja, hasa mchana wakati mchomeaji anapochoma.

Tatu, akalinganisha swichi kuu na mlango wa mota. Kwenye swichi kuu asilimia 2, kwenye mota asilimia 3. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kitu kinaiba. Waya mzima na viungo vikavu havipotezi volti nyingi. Basi akapima kila kiungo, ncha moja ya mita huku na nyingine kule, mashine ikikoboa. Kiungo kizima kinasoma karibu na sifuri. Kwenye waya wa 1 na wa 2, karibu sifuri. Kwenye waya wa 3, kishikio cha fyuzi kilisoma volti 3, na kontakta, ile swichi kubwa inayogonga "ta!" unapowasha, ilisoma volti 5.

Volti 5 kwa ampea 21 ni wati 105. Ni sawa na balbu ya kizamani ya wati 100 inayowaka ndani ya kiboksi kilichofungwa, mchana kutwa. Umeme ulipozimwa na kiboksi kufunguliwa, meno ya kontakta ya upande huo yalikuwa yameliwa na kuwa meusi, na plastiki imebadilika rangi. Skrubu ya kishikio cha fyuzi ilizunguka kwa vidole. Mashine inatikisika siku zote, skrubu zinalegea. Palipolegea panapata joto, na palipopata joto panalegea zaidi.

Nne, ili asiache shaka, alizima, akafunga swichi kwa kufuli, akazihamisha zile waya tatu kwenye mota kila moja nafasi moja mbele, zote kwa pamoja, ili mota isibadili upande wa kuzunguka. Akawasha, akapima ampea. Upungufu ukibaki kwenye koili ile ile ya mota, mota ndiyo mbovu. Upungufu ukihama pamoja na waya, ubovu uko kwenye umeme unaoletwa. Ulihama na waya wa 3. Mota iliyosukwa haikuwa na kosa.

Hayo ndiyo matokeo. Hakuna mkono wa mtu, wala mpunga ulioshindiliwa. Kuna waya mmoja uliobebeshwa vitu vingi, na viungo viwili vilivyoliwa.

HATARI NYINGINE MBILI ZA KUJUA

Ya kwanza ni waya mmoja wa moto kukatika kabisa, kwa mfano fyuzi moja ikiungua. Mota iliyokwisha simama haitaanza, itanguruma tu. Izimwe mara moja. Lakini mota iliyokuwa inazunguka inaweza kuendelea kuzunguka kwa waya mbili zilizobaki, na ampea katika hizo mbili zinapanda sana, kiasi cha mara moja na robo tatu. Tena kuna udanganyifu ndani yake. Mota inayozunguka yenyewe inatengeneza volti katika ule upande uliokatika, kwa hiyo anayepima volti peke yake anaweza kudhani mambo ni sawa. Ndiyo maana fundi hupima na ampea pia. Mota ikibadili sauti, ikanguruma kama inakoroma, mwendeshaji azime kwanza, aulize baadaye. Asilaumiwe kwa kuzima.

Ya pili ni nyutro kulegea au kukatika. Hapa mota haitaona kitu, kwa sababu haitumii nyutro, na kati ya waya na waya bado utapata 400. Ila kati ya waya na nyutro utakuta maajabu, kwa mfano 160 hapa, 270 pale, 278 kwingine. Taa za upande mmoja zinafifia, za upande mwingine zinawaka kama jua kisha zinapasuka. Friza, redio na televisheni zinaungua. Ukiona taa moja imefifia na nyingine imezidi kung'aa kwa wakati mmoja, usingoje. Zima swichi kuu, ita fundi. Nyutro iliyokatika inaweza kumuua mtu, kwa kuwa waya anaoudhani hauna moto unakuwa na moto.

Na rangi zisimdanganye mtu. Mtindo wa zamani, waya za moto ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Mtindo mpya, waya za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ndiyo ya bluu. Kwa hiyo waya wa bluu katika banda moja ni nyutro, katika banda jingine ni moto mtupu. Nyeusi ni vile vile. Hapa nchini mitindo yote miwili utaikuta. Asiyepima asishike.

YALIYOKWISHA FANYIKA

Kontakta imebadilishwa, na kishikio cha fyuzi kimebadilishwa. Skrubu zote za banda zimekazwa umeme ukiwa umezimwa. Vitu vya njia moja vimegawanywa: friza na taa waya wa 1, saluni na meza ya simu waya wa 2, mashine ya kuchomea imebaki waya wa 3 peke yake. Mota imesukwa na kurudishwa. Juzi ilipimwa ikiwa inakoboa, vitu vyote vimewashwa:

1 na 2: volti 398
2 na 3: volti 396
3 na 1: volti 394

Pigeni hesabu wenyewe. Jumla 1188, wastani 396, tofauti kubwa ni 2. Nusu ya asilimia. Ampea ni 28, 27 na 26. Hakuna hata waya mmoja uliopita 29 ya kwenye bati. Mpunga ni ule ule, mashine ni ile ile, na mwendeshaji ni yule yule.

TUNAYOOMBA MKUTANO UAMUE

Kwanza, pendekezo la kumwondoa kijana na kumkata posho lifutwe, na lifutwe hadharani kama lilivyosemwa hadharani. Kijana huyu rilei hakuigusa. Feni ya mota alikuwa anaifuta pumba kila jioni, na fundi alilishuhudia hilo. Mara mbili aliiambia kamati kwamba kontakta inanuka. Maneno yake yamo katika daftari la zamu, yana tarehe, na kila mtu anaweza kuyasoma. Mtu aliyeandika ukweli kwenye daftari hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uvumi wa kijiweni.

Pili, pawe na daftari la vipimo. Kila wiki wakati wa msimu, na kila mwezi wakati mwingine, vipimo vitatu vya volti na vitatu vya ampea viandikwe, na asilimia ipigwe. Ikifika 2, kamati ijulishwe. Ikifika 3, mashine ipunguziwe mzigo na fundi aitwe. Mita ya kusomea ifungwe mlangoni mwa kiboksi na fundi, ili mwendeshaji asome bila kufungua kitu. Na vijana wengine wawili wafundishwe kusoma mita hiyo. Tunashauri mmoja wao awe binti.

Tatu, mtu yeyote asiongeze soketi, taa, friza wala pasi katika banda la ushirika bila fundi mwenye leseni kusema kitafungwa waya wa ngapi. Waliopanga vyumba vya banda wanahusika na hili sawa na wanachama.

Nne, katika fedha za kukobolea msimu huu, kitengwe kiasi cha kununua kifaa kinachokata umeme chenyewe njia moja ikipotea au volti zikiacha kulingana. Kifaa hicho ni kidogo, kinakaa kwenye kiganja, na bei yake haifikii gharama ya kusuka mota ya farasi 20 na nauli ya kuipeleka Ifakara na kuirudisha. Mota imesukwa mara mbili. Hesabu hiyo nayo mnaweza kuipiga wenyewe.

Tano, fundi aje mara mbili kwa mwaka, kabla ya mavuno na baada ya mavuno, kukaza na kukagua. Jembe tunalinoa kabla ya kulima, basi na kontakta tuitazame kabla ya magunia kujaa.

Ndugu wanachama, tuliposhika kalamu ukubwani wapo waliotucheka, wakauliza mtu mzima ataisomea nini. Leo tungekuwa hatujui kugawanya 1164 kwa 3, kijana mmoja wa kijiji hiki angefukuzwa, mota ingesukwa, na mwakani ingeungua mara ya tatu mbele ya mwendeshaji mwingine. Naye tungemfukuza.

Daftari la vipimo liko juu ya meza ya Mwenyekiti. Kabla ya kupiga kura, anayetaka aje alitazame, na asiyeona vizuri herufi ndogo tutamsomea. Baada ya hapo Mwenyekiti atauliza wanaokubali maombi haya matano na wanaokataa, moja baada ya jingine, kuanzia lile la kijana.